Maji ya Hola: Juu ya Ufasaha wa Wanasiasa Waliopinga Habari Rasmi za Vita vya Kenya

Tarehe 4 Machi, 1959, Serikali ya Kenya ilitoa tangazo fupi juu ya vifo vya mahabusu kumi katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Tangazo lilieleza ya kwamba marehemu walikuwa katika kundi la watu mia moja hivi waliokuwa wakichimba mifereji ya kunyweshea mashamba, na kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari la maji, gari ambalo lilitumiwa na wafanyakazi wote pamoja na askari waliowalinda. Zaidi ya hayo msomaji hakuambiwa kitu. Jua kali, kazi ngumu, maji yenye shaka: akili ya kila mtu aliyewahi kuishi karibu na Tana ilikuwa na uwezo wa kukamilisha hadithi yenyewe bila ya kusaidiwa.

Mtu akilisoma tangazo hilo kwa jicho la mhakiki atashangaa kuona jinsi lilivyo gumu kulikamata kwa uongo. Kazi ilikuwapo, gari la maji lilikuwapo, na vifo vilikuwapo. Mzigo wote umebebwa na neno moja dogo, nalo ni “baada”. Mwandishi wa tangazo hakusema kwamba watu walikufa kwa sababu ya maji. Alisema walikufa baada ya kuyanywa, akaliacha neno hilo lifanye kazi ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuonekana akiifanya. Uchunguzi wa vifo uliofanywa na hakimu W. H. Goudie ulionyesha kwamba mahabusu hao, ambao kwa kufa mmoja zaidi walikuwa wamefika kumi na mmoja, waliuawa na mapigo. Walikuwa miongoni mwa watu themanini na zaidi waliotolewa kwa nguvu kwenda kazini tarehe 3 Machi chini ya mpango uliotungwa na mkuu mmoja wa magereza aliyeitwa John Cowan; waliokataa kufanya kazi walipigwa marungu na askari jela. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni maneno. Uovu wa Hola umekwisha kuelezwa na wanahistoria, na maelezo yao yanatosha. Lakini kati ya mwaka 1955 na 1959 walitokea wanasiasa watatu, wenye tabia na itikadi zisizofanana kabisa, ambao kila mmoja alisimama kuikana habari rasmi ya vita vya Kenya kama ilivyotolewa na serikali na kupokewa na magazeti: Barbara Castle na Enoch Powell katika Bunge la Uingereza, na Oginga Odinga katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Katika madarasa ya usemaji hotuba ya Powell ndiyo inayosifiwa, na mara nyingi husomwa peke yake kana kwamba haikutanguliwa na sauti nyingine. Yafaa zisomwe zote tatu pamoja, maana zikisomwa pamoja daraja zake hubadilika.

Kwanza hapana budi kuitazama lugha waliyoikuta. Vita vilivyoanza kutangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, havikuitwa vita. Kwa Kiingereza viliitwa kwa neno lenye maana ya jambo la ghafula lihitajilo haraka. Kwa Kiswahili wafasiri wa serikali wakasema Hali ya Hatari. Tafsiri hii, kwa bahati, ina ukweli zaidi kuliko asili yake, kwa kuwa neno hatari humlazimisha msikilizaji aulize: hatari kwa nani? Hesabu yenyewe inajibu. Katika miaka yote ya vita hivyo raia wa Kizungu waliouawa walikuwa thelathini na wawili. Waafrika walionyongwa kwa hukumu ya mahakama peke yao walizidi elfu moja, mbali na maelfu waliouawa misituni na vijijini. Ndege za kivita zilitupa mabomu juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na majenerali walitumwa kutoka Uingereza, ijapokuwa jina la vita halikutajwa.

Kambi nazo zilikuwa na msamiati wake. Kumtesa mtu mpaka akiri kiapo kuliitwa kumrekebisha. Kitenzi hiki katika Kiswahili ni cha fundi na karani, kwani kinachorekebishwa ni mashine au hesabu; akitumiliwa binadamu, tayari amekwisha fanywa chombo kilichoharibika. Kisha, mwaka 1957, wanasheria wa serikali walitenganisha nguvu ya kuadhibu na nguvu ya kushurutisha, ya kwanza ikawa haramu na ya pili halali, ingawa rungu lilikuwa lile lile na mgongo ulikuwa ule ule. Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, ndiye aliyeitengeneza tofauti hiyo, na ndiye aliyemwandikia Gavana Evelyn Baring mwaka huo huo kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Ni vigumu kupata maelezo mafupi kuliko haya ya kanuni ya ufasaha wa kiserikali. Tangazo la maji lilikuwa mtoto wa kanuni hiyo.

Na magazeti? Katika Kenya hali ilikuwa rahisi kueleza. Magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku mwaka 1952, likiwemo Mumenyereri la Henry Muoria, ambaye mwenyewe alibaki uhamishoni London. Yaliyosalia yalikuwa hasa magazeti ya walowezi, na hata Baraza, gazeti la Kiswahili la kila juma lililoanzishwa mwaka 1939, lilikuwa mali ya kampuni ile ile iliyochapa East African Standard. Msomaji wa Kiswahili alinunua habari zake katika duka lile lile alilonunua mlowezi, isipokuwa karatasi yake ilikuwa ya bei nafuu. London mambo hayakuwa hivyo, na ni haki kusema wazi, kwa sababu sifa ya Castle imefungamana na jambo hili.

Barbara Castle, mbunge wa Blackburn tangu mwaka 1945 na mtu wa chama cha Labour, aliandika katika jarida la Tribune mwezi wa Septemba, 1955, kwamba katikati ya dola ya Kiingereza kulikuwa na nchi inayotawaliwa na polisi, ambamo kanuni ya sheria imevunjika. Mwezi wa Novemba alikwenda Kenya mwenyewe, na safari yake ililipiwa na gazeti la Daily Mirror, ambalo ndilo lililochapa aliyoyaona. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba magazeti yote yalikuwa upande wa serikali hasemi kweli. Na mtu asemaye kwamba Castle alikuwa peke yake hasemi kweli pia, kwa maana Fenner Brockway alikuwa amekwisha kuzuru Kenya tangu mwaka 1952, siku za mwanzo kabisa, akatukanwa kwa ajili hiyo.

Lililo la Castle hasa ni namna yake. Hakuanza na dola wala na haki za binadamu. Alianza na mtu mmoja, Kamau Kichina, mtumishi aliyekamatwa kwa shutuma ya wizi, akapigwa kwa siku kadhaa ili akiri, akafa mikononi mwa polisi bila ya kukiri. Maafisa wa Kizungu waliohusika walipewa kwanza kifungo cha miezi kumi na minane tu. Jina hilo Castle alilishika kama mtu anayeshika upindo wa nguo ya mdaiwa sokoni. Hansadi ya miaka ile huonyesha jinsi waziri alivyojibu kwa takwimu, kwa taratibu, kwa ahadi ya uchunguzi, na jinsi mbunge huyu alivyorudi tena kwa swali fupi lenye tarehe na jina la kituo. Mashahidi wake walitoka ndani ya serikali yenyewe. Duncan McPherson, afisa mkubwa wa polisi aliyekuwa amefungwa na Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili, alimwambia Castle kwamba hali ya mahabusu aliowajua Kenya ilikuwa mbaya kuliko aliyoipata yeye katika miaka yake ya utumwa. Castle hakulipamba neno hilo, na hakuwa na haja ya kulipamba.

Swali la bunge si fani inayohesabiwa na wahakiki. Halina utangulizi wala hitimisho, na uzuri wake hauonekani mpaka mtu asome miezi mingi mfululizo. Walakini ndiyo fani iliyoifaa kazi. Tangazo rasmi hupenda kuwa la mwisho. Swali hulinyima nafasi hiyo. Upungufu wa Castle uko kwingine. Anayeongea naye daima ni Mwingereza, na dawa anayoiomba ni ya Kiingereza: tume huru, hakimu mwadilifu, gavana mwenye masikio. Katika maandishi yake ya miaka hiyo Mwafrika huteswa, hufa, na hustahili haki. Lakini ni nadra kumwona akiwa mtu mwenye siasa, yaani mtu aliyekuwa akipigania kitu. Kichina mwenyewe alimfaa kwa sababu hakuwa mpiganaji. Angalikuwa ametoka msituni na bastola, huenda jina lake lisingefika Westminster. Jambo hili si la kumlaumu Castle sana, kwa kuwa alijua masikio aliyokuwa akiyasemesha. Ila linaonyesha mpaka ambao ufasaha wake haukuuvuka.

Aliyeuvuka alikuwa Odinga, na aliuvuka katika chumba kisichokuwa na masikio ya huruma hata kidogo. Mwezi wa Juni, 1958, Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikuwa likijadili malalamiko ya wafungwa wa Lokitaung, ambao barua yao juu ya mateso waliyoyapata ilikuwa imechapwa katika gazeti la Observer la London. Mmojawapo wa wafungwa wa Lokitaung alikuwa Jomo Kenyatta. Katika habari rasmi Kenyatta alikuwa amekwisha kuwa kitu kisichotajwa ila kwa laana; hata mwaka 1960 Gavana Patrick Renison alimwita kiongozi wa kuelekea gizani na mautini. Wajumbe Waafrika waliochaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 walikuwa wamejifunza kulizunguka jina hilo kama watu wanavyolizunguka shimo njiani.

Odinga aliinuka akasema kwamba watu hao kabla ya kukamatwa walikuwa viongozi wa siasa wa Waafrika, kwamba Waafrika waliwaheshimu kwa uongozi wao, na kwamba hata wakati ule, ndani ya mioyo ya Waafrika, walikuwa bado ni viongozi wao. Ukumbi ulijaa kelele za kukanusha. Odinga alijibu kwa kusema kwamba hata wakikanusha, hiyo ndiyo kweli. Basi. Hapana mpangilio wa hoja, hapana tashbihi, hapana ushahidi wa karatasi. Mwalimu wa usemaji akiisoma bila ya kujua ilikosemwa ataitia alama ndogo.

Lakini angalia kilichotendeka katika neno “bado”. Serikali ilikuwa imetumia miaka sita, mamilioni ya fedha, kambi, vijiji vya lazima na mashamba yaliyozungushiwa mahandaki ili kulifanya neno hilo lisiwezekane. Uongozi wa Kenyatta ulipaswa kuwa jambo lililopita, kama ugonjwa uliopona. Kitenzi cha Odinga kilikuwa cha wakati uliopo. Ilikuwa ni tofauti ya sarufi tu, na kila mtu katika ukumbi aliifahamu mara moja, kwani wasingepiga kelele namna ile kwa ajili ya kosa la historia. Tangazo la maji lilisimama juu ya neno moja dogo lililoficha. Usemi wa Odinga ulisimama juu ya neno moja dogo lililofichua.

Magazeti ya walowezi yalimshambulia, na hata baadhi ya wenzake Waafrika walisita kusimama naye kwa hofu kwamba amewaharibia kazi. Kusita kwao kunasomeka vizuri zaidi kuliko lawama nyingi walizopata baadaye: walikuwa na vyama vya wilaya tu, bila ya gazeti lenye nguvu, na mbele yao kulikuwa na serikali iliyoweza kufungia kila kitu kwa sahihi moja. Hata hivyo mwezi wa Oktoba mwaka huo huo siku ya kukamatwa kwa Kenyatta ilikwisha fanywa siku ya kukumbukwa, na Tom Mboya akiwa miongoni mwa waliohimiza. Jambo lililokuwa halitajiki mwezi wa Juni lilikuwa wimbo wa mikutano kabla mwaka kwisha. Hotuba chache sana za Baraza lile zaweza kudai mavuno ya haraka namna hiyo.

Hapa papasa kuongezwa neno juu ya lugha, ijapokuwa ni kando kidogo ya hoja. Odinga alisema kwa Kiingereza, kwa kuwa Baraza halikukubali lugha nyingine. Kiswahili hakikuruhusiwa katika bunge la Kenya mpaka mwaka 1974. Hivyo habari ya mioyo ya Waafrika ilitolewa katika lugha ambayo wengi wa wenye mioyo hiyo hawakuifahamu, mbele ya watu walioifahamu lugha lakini hawakutaka kuifahamu habari. Huenda ufupi wa usemi wake ulitokana kwa sehemu na hali hiyo. Mtu anayesema kwa lugha ya kuazima huchukua maneno machache na kuyaegemea sana.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, 1959, Bunge la Uingereza lilizungumza juu ya Hola kwa mara ya pili. Castle alikuwa miongoni mwa waliosema. Ilipofika saa saba na robo usiku aliinuka Enoch Powell, mtu wa chama cha Conservative, chama kilichokuwa kikitawala. Powell alikuwa amepata uprofesa wa Kiyunani akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, alikuwa amejiuzulu uwaziri mdogo mwaka 1958 kwa ajili ya matumizi ya fedha za serikali, na hakuna aliyemdhania kuwa rafiki wa Mau Mau. Denis Healey, aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, alikuja kuiita hotuba hiyo kubwa kuliko zote alizopata kuzisikia bungeni, akamfananisha msemaji na Demosthenes.

Sifa hiyo haikuzidishwa kama kinachopimwa ni usanifu. Powell anaanza kama mhariri wa hati ya kale anayelinganisha nakala. Anaziweka mezani nyaraka za serikali, anaonyesha nani aliandika nini na nani alisoma, na kutoka humo anapata makosa ya sehemu tatu: kwamba ilitolewa ruhusa ya kufanya jambo ambalo kwa asili yake lingeweza kuua, kwamba haikuangaliwa lifanywe kwa hatari ndogo iwezekanavyo, na tatu, lile tangazo la gari la maji, ambalo anasema ni vigumu kupata neno la kulieleza. Kituo hiki ni cha ajabu. Msemaji ambaye hakosi neno anakiri kukosa neno, na kwa kukiri hivyo anaupeleka ukumbi wote ukalitazame tangazo upya. Kisha anaupandisha wajibu ngazi kwa ngazi, kutoka kwa wakuu wa kambi mpaka kwa wakubwa wa Nairobi walioidhinisha.

Kutoka hapo hotuba inabadilika sauti. Mbunge mmoja wa chama chake alikuwa amesema kwamba waliokufa walikuwa viumbe walioshuka chini ya ubinadamu. Powell hajaribu kuthibitisha kwamba walikuwa watu wema. Anasema ni mafundisho ya kutisha, yatakayowarudia wanaoyatamka, kumhukumu binadamu mwenzako na kusema kwamba kwa kuwa alikuwa hivi au vile, matokeo ambayo yangefuata kifo chake yasifuate. Ubora wa jibu hili hauna mfano katika mjadala ule wote. Castle alikuwa amehitaji mtu asiye na hatia. Powell anasema hatia ya marehemu si hoja. Kwa mara moja mpiganaji wa msituni na mtumishi wanalingana mbele ya sheria. Mwishowe anasema kwamba Uingereza haina hiari ya kuwa na vipimo vya Kiafrika katika Afrika, vya Kiasia katika Asia, na vya Kiingereza nyumbani. Na kwamba katika Afrika, kuliko mahali pote, hawathubutu kuanguka chini ya kipimo chao cha juu kabisa katika kuukubali wajibu. Inasemekana alipoketi alikuwa akilia.

Sasa, ni nani waliomo katika hotuba hii? Nyaraka zimo, wakubwa wa magereza wamo, heshima ya Uingereza imo kila mahali. Mahabusu wamo kwa idadi yao. Kwa nini walikataa kuchimba mfereji, hotuba haiulizi. Yaliyowafikisha Hola, yaani ardhi, kiapo, kukamatwa bila ya kuhukumiwa, yote yamebaki nje ya mlango. Na Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, ambaye kwa miaka mitano alikuwa ameyajibu maswali ya Castle kwa maneno ya kufunika, Powell anamtoa katika lawama kabisa, hata chembe haimpati. Hotuba inayodai wajibu upande ngazi inasimama ngazi moja kabla ya mwisho. Wanafunzi wengi hupita hapo bila ya kuona kwa sababu mlio wa sentensi za mwisho unaziba masikio.

Tena kipimo chenyewe ni cha nani? Powell anasema utawala wote umesimama juu ya maoni ambayo watu wanayo kwa watawala wao. Kwa hiyo Hola ni hasara kwa sababu inaharibu maoni ambayo Waafrika wanayo juu ya Waingereza. Lakini mwaka mmoja kabla yake Odinga alikuwa amelieleza Baraza maoni ya Waafrika, bila ya kuulizwa, akazomewa. Hotuba ya London inayajali maoni hayo kama mwenye nyumba anavyojali kioo: anataka kujiona. Odinga alikuwa akisema kuwa kioo kina macho yake.

Haitoshi kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba Powell alikuwa mnafiki kwa sababu ya yale aliyoyasema Birmingham tarehe 20 Aprili, 1968, juu ya wahamiaji. Hotuba mbili za mtu mmoja hazifutani. Lakini mhakiki ana haki ya kuzilinganisha kama maandishi, na mlinganisho unafundisha. Ile ya 1959 kila hatua yake inakanyaga waraka unaoweza kufunguliwa na kusomwa na adui. Ile ya 1968 inakanyaga maneno ya mpiga kura asiyetajwa jina, na barua juu ya mwanamke mzee ambaye waandishi wa magazeti walimtafuta wasimwone. Mwaka huo huo Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walikuwa wakifungiwa mlango wa Uingereza kwa sheria mpya, na Powell alikuwa mstari wa mbele kudai wafungiwe. Yule aliyesema kwamba hakuna vipimo viwili alikuwa amevipata. Hilo likimrudisha msomaji kwenye hotuba ya Hola, ataona kwamba mbegu haikufichwa: pale pia jambo lililopendwa lilikuwa Uingereza, na Mwafrika alilindwa kwa sababu alikuwa mahali ambapo Uingereza ilijitazama.

Matokeo ya usiku ule yalikuwa makubwa, hilo lisikanwe. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni baada ya uchaguzi wa Oktoba, 1959, alikiri kwamba Hola ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya aharakishe. Mkutano wa Lancaster House ulifunguliwa Januari, 1960, na Hali ya Hatari ikaondolewa mwezi huo huo. Lakini hotuba iliyofungua mlango na hotuba iliyosema nani apite mlangoni si moja. Kenyatta aliachiliwa Agosti, 1961, na aliyekuwa amekwisha kusema kwamba ni kiongozi hakuwa Powell wala Castle. Odinga naye alikuja kuwekwa kizuizini mwaka 1969 na serikali ya Kenyatta huyo huyo, miaka miwili baada ya kutoa kitabu chake Not Yet Uhuru. Ulimi ule ule uliokataa habari rasmi ya mkoloni ulikataa na habari rasmi ya wenyeji.

Kwa hiyo katika kufundisha, Powell asomwe kwa usanifu wake na asomwe mpaka pale alipomwachilia Waziri. Castle asomwe kwa miezi mizima, si kwa ukurasa, au asisomwe. Odinga ndiye mgumu kufundishwa kwa kuwa katika maneno yake hakuna kitu cha kuiga. Yamo katika Hansadi ya Nairobi yakiwa yamekatizwa na kelele, na kelele hizo ni sehemu ya matini, nazo zichapwe kila mara maneno yanapochapwa.

Tarehe 6 Juni, 1963, ilipokuwa bado miaka hamsini kamili, hapana aliyekuwa akitazamia kwamba Bunge la Uingereza lingerudi kwenye jambo hili. Tarehe 6 Juni, 2013, lilirudi. Wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza tangu mwaka 2009. Katika kesi hiyo makasha ya nyaraka yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park yalijitokeza, na Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Alisema kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, na kwamba inasikitika. Kuwajibika kisheria alikataa. Ili kuonyesha kwamba ukali wa hatua za wakati ule ulitambuliwa wakati ule ule, alikumbusha kuwa palikuwa na mjadala muhimu juu ya Hola katika Bunge hilo mwaka 1959. Mjadala wa Nairobi wa Juni, 1958, haukutajwa.